Pale Ng'ombe Wanapogeuka

Kuna wimbo mmoja wa kanisani ambao kwetu tunauimba vibaya. Sikujua kama tunauimba vibaya mpaka tulipohamia Kahama nikaanza kusimama kanisani pembeni ya mama. Sitaliandika jina lake. Ni wimbo wa taratibu, kila ubeti una mistari minne, na karibu kila Mkristo wa huku anaujua hata kama hana kitabu. Huimbwa baada ya mahubiri, huimbwa msibani, huimbwa na mtu anayepepeta mchele peke yake uani. Watu wote huimba mistari yote minne moja kwa moja. Mama haimbi hivyo. Akimaliza mstari wa tatu anabaki pale pale kwenye neno la mwisho, analivuta, analipandisha kidogo kama anamwita mtu aliye mbali, ndipo anaingia mstari wa nne. Wakati huo wenzake wameshamaliza ubeti na wanamsubiri kwa macho.

Mwalimu wa kwaya alikuwa kijana mpole. Alimwambia mara nyingi kwamba pale hapavutwi, kitabu hakisemi hivyo. Mama alimjibu vizuri kabisa, ndiyo mwalimu, nimeelewa mwalimu, na ubeti uliofuata akavuta. Wanawake wa sauti ya kwanza walimtania kuwa yeye ni treni ya mizigo ya Isaka, ikianza kupita lazima usubiri mpaka behewa la mwisho. Mama alicheka pamoja nao. Mwishowe aliacha kwaya bila kugombana na mtu, akahamia benchi la nyuma karibu na mlango, nami nikakaa naye. Mimi nilikuwa nafungua mdomo tu. Tangu utoto, sauti yangu ikisikika mbele za watu najiona kama mtu aliyevuliwa kitenge sokoni.

Siku moja tulikuwa tunachagua mchele, nikamuuliza kwa nini anavuta pale. Alishangaa. Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini anakula kwa mkono.

"Si ndipo ng'ombe wanapogeuka," alisema.

Akanieleza. Babu yangu, baba yake, alikuwa mkulima huko Ibadakuli na pia mwinjilisti wa kanisa dogo la udongo. Hakuwa na kinanda wala kwaya. Nyimbo alijifunza kwa kusikia, na alizifanyia mazoezi shambani. Alikuwa na maksai wawili na plau. Kazi ya plau inataka watu watatu: mmoja mbele anashika kamba na kuwaongoza ng'ombe, mmoja pembeni ana fimbo, mmoja nyuma anakandamiza mikono ya plau iingie ardhini. Mama alikuwa mbele ingawa alikuwa msichana, kwa kuwa hapakuwa na mtoto mwingine wa kushika kamba. Kaka yake alikuwa na fimbo. Babu alikuwa nyuma, na ndiye aliyeanzisha wimbo.

Waliuimba kwa mwendo wa maksai. Shamba lilikuwa jembamba, na kwa mwendo ule mistari mitatu iliwafikisha mwisho wake. Hapo plau inanyanyuliwa, ng'ombe wanageuzwa, na kugeuza ng'ombe hakuna haraka. Basi babu alilishikilia lile neno la mwisho muda wote huo, akilipandisha ili ng'ombe wasikie kwamba bado wako kazini, na watoto wakalishikilia pamoja naye. Plau ilipozama tena udongoni ndipo walipoingia mstari wa nne. Mama aliujua wimbo ule akiwa na kamba mkononi. Hakuwahi kuujua kwa njia nyingine. Na babu alipowafundisha watu kanisani kwake aliwafundisha hivyo hivyo, wakaimba kila Jumapili na ng'ombe wasiokuwepo wakigeuka katikati ya kanisa.

Nilicheka aliponieleza. Yeye hakucheka. Akaongeza jambo ambalo nililisikia kwa mara ya kwanza siku ile, kwamba ipo siku mstari wa nne haukuimbwa.

Kaka yake alitaka kwenda machimboni. Vijana wengi wa pale walikuwa wanaondoka kwenda upande wa Geita, na wengine walirudi na viatu vizuri. Babu alikataa. Walibishana wiki nzima, na asubuhi moja wakabishana shambani, plau ikitembea, huku mama yuko mbele na kamba, haruhusiwi kugeuka nyuma kwa sababu anayeongoza akigeuka ng'ombe wanapinda. Walifika mwisho wa shamba. Babu akanyanyua plau, akalivuta neno, na kijana hakuvuta pamoja naye. Babu akanyamaza, akasema, "Kama unaenda, nenda." Kijana akaiweka fimbo chini taratibu, akaondoka kwa kufuata njia ya ng'ombe. Mama alibaki ameshika kamba. Ng'ombe walimaliza kugeuka wenyewe.

Mjomba hakurudi. Babu aliendelea kulima na kuimba, lakini mama alisema kuanzia mwaka ule pale mwisho wa shamba palirefuka. Babu alivuta neno lile hata baada ya ng'ombe kugeuka, hata baada ya plau kuingia, kama mtu aliyeacha mlango wazi. Alipofariki waliulizia machimboni kwa kila aliyekwenda huko. Hakuna aliyempata. Mama ndiye aliyebaki na wimbo.

Sasa miaka hii mama amekuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu inamvimba, pumzi ni fupi. Akitoka kuteka maji anakaa kwanza kwenye ndoo iliyogeuzwa kabla ya kusema neno. Dawa anameza. Lakini kanisani nilianza kuona jambo lililonitisha kuliko miguu: akifika mwisho wa mstari wa tatu alivuta kidogo, halafu sauti ikakatika, akafumba mdomo na kutazama chini. Mstari wa nne hakuufikia. Jumapili moja tulipotoka aliniambia bila kunitazama, "Nisipomwona kaka kabla pumzi haijaisha, nitamwambia nini baba?"

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuwa na kazi. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na banda la chakula machimboni, upande wa Geita, akataka msichana wa kumsaidia. Nilikubali. Watu walishangaa, kwa sababu mimi hata dukani nilikuwa nanunua chumvi kwa kuonyesha kidole. Mama hakunizuia. Alinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko, akaniambia nikifika niulizie.

Niliulizia kadiri nilivyoweza, na kadiri hiyo ilikuwa ndogo. Nilikuwa naweka sahani mezani, nataja jina la mjomba kwa sauti ya chini, na wachimbaji wananicheka.

"Huyo ni nani, mumeo amekukimbia?"

"Dada, huku hakuna majina. Jina ameliacha stendi."

Ilikuwa kweli. Pale kila mtu aliitwa kwa jina la utani. Mmoja aliitwa kwa mkoa aliotoka, mwingine kwa gari alilosema atanunua, mwingine kwa ugonjwa aliowahi kuugua. Watu walikula pamoja miaka wasijue mwenzao alizaliwa akiitwa nani. Na mimi sura ya mjomba sikuijua, picha haikuwepo. Nikaacha kuuliza. Nilikuwa naosha sahani na kumpigia mama simu kumwambia bado, naye ananijibu haya mwanangu, huku nasikia pumzi yake inakwaruza kwenye simu.

Kanisa la pale lilijengwa kwa miti na mabati, karibu na karasha za kusagia mawe. Jumapili ya kwanza niliyopata nafasi nilikwenda, nikasimama nyuma kabisa na akina mama. Lilijaa. Wachimbaji waliooga walikuwa na nywele zenye maji, wengine bado wana vumbi jeupe masikioni. Mwenye karasha moja ya jirani hakuwa amezima mashine, kwa hiyo tuliomba huku ardhi inatetema. Baada ya mahubiri mashine ikazimwa. Katika utulivu ule mzee wa kanisa akaanzisha wimbo. Ulikuwa wimbo wetu.

Nilifungua mdomo bila sauti kama kawaida yangu. Ubeti wa kwanza, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kanisa likaingia mstari wa nne.

Sauti moja ikabaki nyuma.

Ilikuwa ya mwanamume, upande wa kushoto, mbele kidogo. Ilibaki kwenye neno la mwisho, ikalivuta, ikalipandisha kidogo. Ilinyanyua plau. Mwili wangu ulijua kabla sijafikiri kitu, nikashika mti wa ukuta. Watu wa pale walionekana wamemzoea. Kijana mmoja alimsukuma kwa kiwiko huku akitabasamu, kama unavyomwamsha mtu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi kidogo, shati lake limepigwa pasi vizuri. Sikumwona uso.

Nilijiambia labda nimesikia vibaya. Ubeti wa pili akavuta tena.

Nimejaribu kuandika nilichokisikia moyoni na nimefuta mara nyingi. Siyo furaha hasa. Ni kama ninyi mmezunguka nchi nzima mnamtafuta mtu kwa jina, kwa kabila, kwa kijiji, na vyote hivyo vimefutika, halafu mnakuta Mungu alikuwa amemtia alama mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kutazama, ndani ya kosa. Babu alikuwa amekufa, maksai walikuwa wameshaliwa zamani, lile shamba sasa lina nyumba za watu juu yake. Na bado walikuwa wanageuka pale, mbele yangu, kwenye kanisa la mabati.

Lakini wimbo ulikuwa na beti tatu tu, na mbili zilikuwa zimekwisha. Nilijua tabia yangu. Nikisubiri ibada iishe nitamfuata mpaka mlangoni, nitatazama viatu vyake, ulimi utakauka, ataondoka. Jumapili inayofuata anaweza kuwa amehamia machimbo mengine. Huku watu huhama mara dhahabu inaposikika kwingine.

Ubeti wa tatu ukaanza. Mistari mitatu ikapita. Kanisa likaendelea mbele, yeye akabaki, nami nikabaki.

Sauti ilitoka. Nilidhani itakuwa ndogo, ikatoka kubwa, mbichi, ikitetemeka pembeni. Nilivuta neno lile kama mama alivyolivuta kabla hajaugua. Akina mama walionizunguka wakageuka kunitazama. Yule mtu mrefu kule mbele hakugeuka mara moja. Niliona mabega yake yakisimama. Aliendelea kuvuta, na mimi nikaendelea, na kanisa likamaliza mstari wa nne na kunyamaza, na bado tukawa tunavuta sisi wawili, watu wote wakiwa kimya. Ndipo tukaingia mstari wa nne pamoja. Tuliuimba peke yetu mpaka mwisho. Alipomaliza akageuka, nikaona uso wa mama yangu na ndevu.

Nje alinijia mwenyewe. Nilikuwa natazama viatu vyake, kama nilivyojua nitafanya.

"Nani alikufundisha kugeuza ng'ombe?" aliuliza.

"Mama."

"Mama yako ndiye aliyeshika kamba?"

Niliitikia kwa kichwa. Kisha nikasema, "Shikamoo, mjomba."

Hakusema marahaba. Aliketi chini pale pale kwenye vumbi, na shati lake la pasi. Wenzake wakaja mbio wakidhani ameugua. Akawafukuza kwa mkono. Aliniuliza habari za baba yake, nikamwambia. Aliniuliza kama baba yake alikasirika mpaka mwisho. Nikamweleza kuhusu pale mwisho wa shamba palivyorefuka. Alisikiliza kichwa kikiwa chini, na sikuweza kujua analia au anachora kitu ardhini, kwa sababu kidole chake kilikuwa kinachora mistari, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi.

Nilidhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa sababu mjomba alikataa kwenda. Alisema atakwenda akishajipanga. Kila siku alikuja kula bandani kwetu, anauliza hali ya dada yake, anakula, anasema bado hajajipanga. Angekwendaje mikono mitupu baada ya miaka yote hiyo, watu watasema alikuwa anachimba nini. Mama mwenye banda alimvumilia, halafu siku moja akamwekea sahani mbele na kubaki amesimama, mikono kiunoni.

"Kaka, dada yako anasubiri dhahabu?"

"Hapana."

"Basi unajipanga nini? Mtu hana pumzi, wewe unatafuta zawadi. Unataka umkute amelala umvalishe saa?"

Mjomba akaisogeza sahani. Kesho yake asubuhi alikuwa amesimama nje ya banda na begi dogo, amenyoa ndevu, na bila ndevu alifanana na mama mpaka nikaona haya kumtazama.

Tulifika Kahama jua likiwa bado kali. Mtaani kwetu nyumba yetu imezungushiwa ua wa minyaa, na mlango wake ni pengo tu. Mjomba alifika kwenye ua akasimama. Nilimwambia karibu. Alisema nitangulie. Nilipoingia nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka kivulini, ungo wa mchele magotini. Sikuwa nimemwambia kwa simu kwamba tunakuja, kwa sababu nilikuwa naogopa mjomba atashukia njiani. Alifurahi kuniona. Aliniuliza mbona nimekuja katikati ya wiki, nimefukuzwa? Kabla sijajibu, nyuma ya minyaa mtu akaanza kuimba.

Aliimba taratibu sana. Haukuwa mwendo wa kanisani, ulikuwa mwendo wa plau. Mstari wa kwanza mama aliinua kichwa tu. Mstari wa pili mkono wake ukasimama kwenye mchele. Mstari wa tatu aliutua ungo chini, na punje zikamwagika mkekani, yeye ambaye huokota hata punje moja. Sauti ile ikafika mwisho wa shamba, ikalivuta neno na kulipandisha.

Mama alifungua mdomo. Hakukuwa na pumzi. Kifua kilipanda na kushuka, mishipa ya shingo ikasimama, hakuna kilichotoka. Nilitaka kumshika, akanizuia kwa kiganja. Na kule nyuma ya ua mjomba hakuacha. Alipoishiwa pumzi aliivuta haraka akalishika neno tena pale pale, akaishiwa, akalishika tena. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha kuanika. Mjomba hakuweza kumwona dada yake, lakini alisubiri kama anamwona. Nilisimama katikati yao, nikaelewa kwamba hivi ndivyo babu alivyokuwa akifanya miaka ile yote, na kwamba kilichokuwa kinasubiriwa kimefika.

Pumzi ya mama ikarudi. Aliiweka kifuani kwanza, kama mtu anayeweka mzigo vizuri kichwani, ndipo akaingia mstari wa nne. Mjomba akaingia naye. Sauti ya mama ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini ilifika mpaka neno la mwisho.

Mjomba akatokea kwenye pengo la ua. Mama alimtazama kuanzia miguuni.

"Umechelewa kugeuza," alisema.

"Ng'ombe walikuwa wabishi, dada."

"Ng'ombe au wewe?"

"Wote."

Mama akacheka, kicheko kikamkata pumzi, akapiga mkeka kwa kiganja, njoo ukae. Mjomba akavua viatu. Hawakukumbatiana wala kulia mbele yangu. Alikaa, akaanza kuokota mchele uliomwagika, punje moja moja, akiurudisha kwenye ungo, na mama akamwonyesha alizoziacha. Nilikwenda jikoni kuchemsha michembe, nikakaa huko muda mrefu kuliko michembe inavyohitaji.

Mama hajapona. Daktari anasema moyo umechoka na ameze dawa. Mjomba amekodi chumba mtaa wa pili, na amepata shamba la mpunga upande wa Kagongwa, analima kwa trekta ndogo ya mkono ambayo anasema haisikii nyimbo. Mimi sijawa mtu wa maneno. Dukani bado nasema kwa kunong'ona. Ila nimegundua sauti niliyokuwa naificha haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa imepitia kwa watu kabla ya kunifikia, na wengine wanaihitaji.

Jumapili ya kwanza baada ya mjomba kufika tulikwenda kanisani, mama akitembea katikati yetu na kupumzika kwenye kila kivuli. Tulikaa benchi la nyuma. Baada ya mahubiri wimbo ukaanzishwa, kinanda mbele, kwaya imesimama na sare zake. Mistari mitatu ikapita vizuri, watu wote pamoja. Kisha kwaya ikaendelea, kinanda kikaendelea, kanisa zima likaendelea, na sisi watatu tukabaki mwisho wa shamba, tumenyanyua plau, tukiwasubiri ng'ombe.